Barua ya wazi: Mkishakata utepe, rudini mtuambie

Kwenu Waheshimiwa: mawaziri wa teknolojia, afya na kawi, wakuu wa mamlaka zilizo chini yenu, na wabunge mnaokaa kwenye kamati za kuwahoji hao.

Salaam nyingi. Mimi ni mwenye saiba, duka la kompyuta na mtandao, hapa Majengo, Mombasa. Kazi yangu ni kuchapisha, kujazia watu fomu za serikali za eCitizen na za kodi za KRA, na kusikiliza. Hiyo ya mwisho silipwi, ila ndiyo inayonila muda. Mtu akingoja karatasi yake itoke kwenye printa hawezi kunyamaza. Atanipa habari aliyoisikia redioni asubuhi, ataniuliza kama ni kweli, na kwa kuwa nakaa mbele ya kompyuta kutwa, hudhani majibu yote yamo humo. Maswali yao yamejaa dukani hadi nimeona niwaletee wenyewe.

Msidhani ni barua ya kupinga sayansi. Habari ya roketi au ya chanjo mpya yanifurahisha kuliko ya nani kahama chama gani. Neno langu ni moja tu: nyinyi ni hodari wa siku ya kwanza. Siku ya kuzindua kuna hema, viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, kamera, ngoma na hotuba tatu zinazosema jambo moja. Mwaka wa pili mtu akiuliza kile kitu kimefikia wapi, hema limeshakunjwa zamani.

Chukueni setilaiti yetu, Taifa-1. Tarehe 15 Aprili 2023 ilikuwa Jumamosi, Ramadhani, asubuhi. Vijana walikuja dukani, wamefunga na macho yamewavimba kwa usingizi wa daku, tukatazama pamoja kwenye skrini roketi ya SpaceX ikiondoka Vandenberg, California, na setilaiti yetu ndani yake. Safari ilikuwa imeshaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa hadi mmoja wao akasema labda nayo yangoja mwezi uandame. Iliporuka tulipiga makofi mpaka jirani fundi cherehani akaja kuuliza kuna nini. Tuliambiwa imegharimu shilingi milioni 50, kwamba wahandisi wa Kenya ndio walioibuni na ikaundwa pamoja na kampuni ya Bulgaria, na kwamba picha zake zitawafaa wakulima, misitu na watu wa kupambana na majanga. Mimi sioni ubaya wa milioni 50. Kuna mitaro hapa mtaani imetengewa pesa miaka nenda miaka rudi na maji bado yatulala mlangoni.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili na Mei 2024, mafuriko yakaja. Mai Mahiu watu walisombwa usiku wamelala. Mto Tana ukafurika. Nchi nzima walikufa watu zaidi ya 200. Siku hizo alikuja mvuvi mmoja kuchapisha karatasi za leseni, akaniuliza, bila kejeli hata kidogo: "Dada, ile setilaiti yetu ilituona?"

Nawapelekea swali hilo kama lilivyo. Ilituona? Imepiga picha ngapi, ofisi gani ilizitumia, na zilibadilisha uamuzi gani? Kama ilikuwa ndogo mno kwa kazi hiyo, na lengo lilikuwa wahandisi wetu wajifunze kuunda na kuendesha, semeni hivyo. Hakuna atakayewacheka. Kinachoudhi ni kuahidiwa jicho angani halafu kuachwa tukikisia kama limefumbua au limefumba.

Na sisi wa pwani si wageni wa mambo haya. Tarehe 12 Disemba 1970, Siku ya Jamhuri, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, ng'ambo ya Ngomeni kule Malindi, ikabeba setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kutazama miale ya eksirei kutoka angani, na kwa kazi yake wanasayansi walipata ushahidi mkubwa kwamba kile kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1 ni shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hauponyoki. Basi niliwahi kuwauliza wanafunzi wa sekondari waliokuja kuchapisha kazi zao za fizikia. Shimo jeusi wanalijua, wamelitazama YouTube. Kwamba historia yake imepita baharini hapa hapa, mwendo wa matatu kutoka wanakosoma, hakuna aliyekuwa amewahi kuwaambia. Hilo si la bajeti, Waheshimiwa. Ni kufungua mdomo.

Halafu lile la Mukuku. Mwisho wa 2024, tarehe 30 Disemba, watu wa kijiji cha Mukuku kaunti ya Makueni walisikia kishindo, wakaenda wakakuta pete ya chuma kipenyo chake mita 2.5, uzito kama kilo 500. Hapa dukani habari hiyo ilikaa wiki nzima. Kuna aliyesema ni bomu, kuna aliyesema ni ya viumbe wa sayari nyingine na kwa nini wachague Makueni. Nyinyi, na nawapa haki yenu, mlifika upesi. Shirika la Anga za Juu la Kenya likaichukua, likasema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi, kitu ambacho kwa kawaida huungua kikirudi au huangukia bahari. Taarifa ilikuwa fupi na ikaeleweka. Nilichapisha nakala nikaibandika ukutani, na yule wa viumbe akaisoma mara mbili, akanyamaza.

Lakini mlisema "awali". Uchunguzi wa awali hufuatwa na wa mwisho, au sivyo? Roketi ilikuwa ya nani? Uko mkataba wa kimataifa wa 1972 unaosema nchi iliyorusha chombo ndiyo yenye dhima ya hasara kikianguka ardhini, wala haihitaji kuthibitishwa kwamba ilizembea. Mtu wa Mukuku ana haki ya kujua jina la jirani aliyemtupia chuma uani. Na vyombo vinavyorushwa vyaongezeka kila mwaka, kwa hiyo hii haitakuwa pete ya mwisho.

La mtandao nitalipitia haraka, maana likinipata kwa kina sitalala. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za mtandao za EASSy na Seacom zilikatika baharini huko Afrika Kusini, nchi nyingi za ukanda huu zikabaki zinachechemea. Ajali ya bahari, sawa, tulielewa. Wiki sita baadaye, 24 Juni, Mamlaka ya Mawasiliano ikatoa taarifa kwamba haina nia yoyote ya kuzima mtandao wakati wa maandamano ya mswada wa fedha. Kesho yake, bunge likiwa limevamiwa na vijana wakipigwa risasi, mtandao ukaanguka. Tukaambiwa ni nyaya za baharini. Huenda ni kweli. Mimi si mpiga mbizi. Lakini ripoti ya wazi ya siku ile, saa kwa saa, waya gani na wapi, ingemfunga mdomo kila mwenye shaka. Tangu hapo printa yangu ikikwama kwa sababu ya mtandao, wateja huuliza: "Leo ni papa au ni serikali?" Wao hucheka. Nyinyi msicheke. Na Telegram, iliyofungwa wakati wa mitihani ya kidato cha nne 2023 na 2024, ilizuia wizi wa mitihani kwa kiasi gani? Nilikuwa na wateja wanaofanyia biashara humo. Walilipa gharama, basi waonyesheni faida.

Kuhusu akili mnemba mna mkakati wa taifa wa 2025 hadi 2030, mliuzindua Machi 2025. Nimeupitia kidogo. Mimi naiona akili mnemba mahali pengine: katika barua za kuomba kazi. Zamani kila kijana alikuja na barua yake, nyingine imeandikwa ovyo lakini yasikika sauti ya mwenyewe. Sasa zote zafanana kama sare za shule, zote "zina shauku kubwa". Nawaonea huruma maofisa wanaozisoma. Ila nawaonea huruma zaidi wale vijana wa Nairobi waliofichuliwa Januari 2023 kwamba walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha, ubakaji na mateso, ili mashine kama ChatGPT ijifunze lisilofaa kusemwa. Mkakati ukiwa na kurasa nyingi kiasi hicho, mshahara na afya ya akili ya watu hao vingepewa tarehe, si nia njema tu.

Macho sasa. Julai na Agosti 2023 watu walipanga foleni KICC, jumba la mikutano la Nairobi, jumba lenu wenyewe, kutazama kwenye tufe la kampuni ya kigeni ya Worldcoin lililopiga picha mboni zao, wakapewa sarafu za kidijitali za takribani shilingi 7,000. Wengi mliwalaumu kwa tamaa. Mimi sikuwalaumu. Elfu saba ni kodi ya chumba. Tarehe 2 Agosti mkasimamisha, bunge likaunda kamati, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hizo zifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna wa Kulinda Data. Hukumu nzuri. Basi mwenye jicho aambiwe yeye, kwa ujumbe wa simu, kama anavyoambiwa akipokea pesa: data yako imefutwa tarehe fulani, saa fulani. Kutangaza gazetini si kumwambia mtu. Aliyesimama foleni siku nzima kwa sababu hana hela hanunui gazeti.

Hapa ndipo nataka mkae kidogo, kwenye bima ya afya, kwa sababu hii haiko angani wala chini ya bahari. Iko dukani kwangu kila siku.

SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilipoanza tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, bima ile ya zamani, aliyeajiriwa mambo yake yalikuwa mepesi kueleza: asilimia 2.75 ya mshahara, yakatwa, kwisha. Asiye na hati ya mshahara ndiye aliyeletewa maswali. Nyanya mmoja jirani yangu, muuza mahamri na mbaazi, alikuja na kitambulisho chake kimefungwa kwenye pindo la leso. Nikamsomea, naye akijibu. Kuta za nyumba ni za nini? Mawe. Paa? Mabati. Choo? Akanitazama, nikarudia, akajibu. Wapikia nini? Makaa, na gesi kidogo Ramadhani. Televisheni iko? Iko, ya mjukuu. Usajili ulikamilika bila tatizo, namba yake ikatoka, na kiasi cha kulipa kikatoka. Kisha akauliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo mashine yajuaje niuzavyo?"

Haijui. Nilimwambia ukweli: yahesabu kutokana na nyumba na vitu. Akafikiri, akasema nyumba si yake. Ni ya marehemu babake, warithi ni wanane, yeye ana chumba kimoja cha nyuma. Ukuta ni wa mawe kwa sababu Majengo nyumba ziko hivyo, si kwa sababu yeye ana kitu. Hakukuwa na mahali pa kuandika hayo.

Waheshimiwa, huyo bibi ameona kwa dakika tano kasoro ambayo wataalamu wa makadirio ya aina hii duniani kote huijadili: kwamba ukimpima mtu kwa kuta zake utamkosea maskini aliyerithi jiwe, na utampendelea tajiri aliyepanga chumba. Sisemi msikadirie. Nchi ambayo wengi wao hawana mshahara wa mwezi lazima itafute njia, na kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi si pesa ya kuua mtu, ingawa mlipoanza kuzitaka za mwaka mzima kwa mpigo ikawa jambo jingine, ndipo mkaleta ile Lipa SHA Pole Pole, ya kulipa kidogo kidogo. Nasema mashine inayokata hukumu juu ya mfuko wa mtu lazima ijieleze. Swali gani lina uzito gani? Akikosewa aende kwa nani, na ajibiwe lini? Andikeni ukurasa mmoja. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema mfumo huo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 umiliki wake hauko mikononi mwa serikali. Mimi nilifikiri nimesoma vibaya, nikasoma tena. Kama ndivyo, nyanya akikata rufaa, anamkatia nani?

Umeme nao. Usiku wa 25 Agosti 2023 nchi karibu nzima iliingia gizani, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ikajirudia Novemba, ikajirudia Disemba. Mara lawama zikapelekwa kwenye mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, wenye mitambo wakakana. Katikati ya mambo hayo mnataka kutujengea kinu cha nyuklia cha megawati 1,000, kwanza Uyombo huko Kilifi, ujenzi uanze 2027 na umeme utoke 2034. Watu wa Uyombo walikataa. Wana hori ya Mida na mikoko yake, wana msitu wa Arabuko-Sokoke nyuma yao, wana samaki na watalii wa Watamu. Mei 2024 waliandamana wakakutana na polisi. Baadaye tukasikia macho yamegeuzwa upande wa Siaya.

Mimi si mpinzani wa nyuklia. Afrika Kusini wanacho kinu cha Koeberg tangu miaka ya 1980 na Cape Town haijayeyuka. Lakini fundi umeme mmoja, mteja wangu wa kuchapisha ankara, alileta hoja ambayo sijaisikia kutoka kwenye jukwaa lenu lolote. Alisema mahitaji ya juu kabisa ya nchi hii mwaka 2025 yalikuwa megawati 2,400 na kitu. Kinu kimoja cha 1,000 kikizimika ghafla, kama mitambo inavyozimika, imetoweka zaidi ya theluthi ya umeme wa nchi kwa sekunde moja, na gridi iliyoanguka angalau mara tatu mwaka 2023 itasimama kwa miguu gani? Huenda jibu lipo: vinu vidogo kadhaa, nyaya za kuunganishwa na Ethiopia na Tanzania, mahitaji yatakayokuwa yamekua. Basi lipelekwe Siaya sasa, kabla ya kuchora mipaka ya shamba la mtu, na lipelekwe na mhandisi wala si na afande. Na lile la taka za nyuklia, zitakaa wapi na kwa miaka mingapi, lijibiwe bila neno "msiwe na wasiwasi".

Msiseme haiwezekani, kwa sababu mmeshaiweza. Chanjo ya malaria ilipoanza Kenya, Septemba 2019 kule Homa Bay, haikuja kwa hotuba tu. Ilianza katika sehemu za kaunti nane za magharibi, sehemu nyingine zikasubiri ili walinganishe. Wahudumu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba. Wenzetu wa Ghana na Malawi walifanya vivyo hivyo. Miaka ikapita, watu wakahesabu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likasema vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13 mahali ilipotolewa. Asilimia 13 si muujiza, na hiyo ndiyo sababu nikaiamini. Anayedanganya angesema 90. Watu waliambiwa kabla, wakahesabiwa wakati chanjo ikitolewa, wakaletewa jibu baadaye. Nataka hivyo hivyo kwa setilaiti, kwa bima, kwa kinu, kwa kila kitu.

Wala siombi hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa serikali, na aya yake ya tatu yaitaka serikali yenyewe ichapishe na kutangaza jambo lolote muhimu linalohusu taifa. Sheria ya kulitekeleza hilo iko tangu 2016. Kwa hiyo pangeni hivi: kila mradi mliouzindua kwa hema, baada ya mwaka mmoja toeni ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mliahidi nini, kimefanyika nini, kimegharimu ngapi, kipi kimeshindikana. Upelekeni kwa machifu, usomwe redioni saa ya taarifa ya jioni watu wakiwa nyumbani, na wabunge mtuwekee siku ya kuwauliza wahusika maswali yatokanayo na ukurasa huo badala ya kurushiana maneno.

Mkianza, nitumieni nakala. Kuchapisha hapa ni shilingi 10 kwa ukurasa, ila huo wenu nitautoa bure kwa yeyote atakayeuliza, mpaka wino uishe.

Wenu mtiifu, lakini si sana,
Mwenye saiba, Majengo, Mombasa